Mafunzo Haya ni ya Nani?

Siku hizi barua ya kazi haiji peke yake. Kijana wa Kawangware au Waithaka aliyezunguka na bahasha ya vyeti anaitwa ofisini mahali fulani kando ya Ngong Road, anapewa barua yenye mshahara na tarehe ya kuanza, na nyuma ya barua hiyo imebanwa karatasi nyingine. Kampuni itamfundisha kazi kwa wiki sita, naye akubali kuitumikia kwa miezi 24. Akiondoka kabla ya hapo, atalipa gharama ya mafunzo. Hiyo ndiyo bondi. Utaikuta kwenye vituo vya kupokea simu za wateja, kwenye hospitali za binafsi zinazompa muuguzi ujuzi wa chumba cha upasuaji au wa mashine za kusafisha figo, kwenye kampuni za kufunga sola, na hata serikalini, ambako daktari anayelipiwa masomo ya ubingwa hutia sahihi kwamba atarudi kuhudumu. Swali ambalo wengi hujiuliza wakiwa na kalamu mkononi ni kama wataweza kukaa miaka miwili. Ni swali zuri, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: siku nitakapotoka kwenye lango la kampuni hii, mafunzo haya nitatoka nayo au yatabaki ndani? Ukilijibu hilo kwa ukweli, mengine yote, kiasi cha deni, muda, na jinsi ya kujadiliana na watu wa ofisi ya waajiriwa, yanapangika yenyewe.

Mwanauchumi Mmarekani Gary Becker, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alilichambua jambo hili katika kitabu alichotoa mwaka 1964. Alitenga mafunzo ya aina mbili: yale yanayomfaa mfanyakazi kwa mwajiri yeyote, na yale yanayofaa kwa mwajiri mmoja tu. Aina ya kwanza, mwajiri hana hamu ya kuigharamia, maana jirani yake anaweza kumchukua fundi aliyekwisha kuiva bila kutoa hata senti ya kumfundisha. Becker akasema kwamba mafunzo hayo, mwishowe, mfanyakazi ndiye huyalipia, mara nyingi kwa kupokea mshahara mdogo wakati bado anajifunza. Aina ya pili haina hofu hiyo. Mtu anayejua tu jinsi ya kujaza fomu za kampuni moja hana soko kwa kampuni nyingine, kwa hiyo ni haki gharama hiyo ibebwe zaidi na yule anayeneemeka nayo. Wanauchumi waliokuja baadaye wamelirekebisha jambo hili. Daron Acemoglu na Jörn-Steffen Pischke, walioandika mwishoni mwa miaka ya 1990 wakiutazama uanagenzi wa Ujerumani, walionyesha kwamba waajiri hulipia hata ujuzi wa kubebeka pale mshahara usipopanda sambamba na ujuzi, kwa kuwa faida inabaki kwao. Lakini tofauti yenyewe ya aina mbili haijafutika, na ndiyo mizani ninayotaka tuitumie leo.

Tuiweke kwenye mizani hiyo kazi mbili tatu. Fundi wa sola aliyefundishwa hadi akapata leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kudhibiti nishati, ametoka na kitu chenye jina lake. Kesho anaweza kufanya kazi Rongai, Kisumu au Turkana, na hakuna mwajiri atakayemuuliza alifundishwa na nani. Muuguzi aliyesomeshwa uangalizi wa wagonjwa mahututi na ujuzi wake ukatambuliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya ni vivyo hivyo. Seremala aliyefanyiwa mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, akapata gredi yake, ana karatasi inayosomeka popote. Hawa wakiambiwa wabaki kazini kwa muda ili aliyewasomesha arudishiwe sehemu ya gharama, hawajaonewa. Sasa mtazame yule wa kituo cha simu. Wiki mbili katika zile sita anafundishwa bidhaa za kampuni: ada zake, ofa zake, namna ya kujibu mteja aliyekasirika kwa maneno ambayo ofisi imeyaandika. Wiki ya tatu ni programu ya kompyuta ya ndani. Nusu ya pili amewekwa kwenye simu, anapokea wateja halisi, na msimamizi anamsikiliza. Je, hayo ni mafunzo au tayari ni kazi? Kuna chembe ya ujuzi wa kubebeka humo, sikatai, kwa sababu kuongea na watu mia kwa siku bila kupandisha sauti ni ujuzi. Lakini sehemu kubwa ya wiki hizo sita kampuni inajifundishia yenyewe. Ikiwa bado inataka bondi, basi haitafuti kurudishiwa ada ya shule. Inatafuta kuwazuia watu wasihame kazi ambayo mshahara wake peke yake haungewazuia.

Namba husaidia kuondoa ukungu. Tuseme bondi ni ya shilingi 240,000 kwa miezi 24. Novemba 2024, mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi uliwekwa kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba, kwa hiyo deni hilo ni karibu mishahara 15 ya mtu wa ngazi hiyo. Uliza limetoka wapi. Wakifundishwa vijana ishirini kwa pamoja, kila mmoja akiandikiwa 240,000, chumba kimoja na mwalimu mmoja vimegharimu milioni 4 na laki 8 kwa wiki sita. Wakati huohuo, karo ya mwaka mzima katika chuo cha ufundi cha umma, kama kile cha Kabete, ni takriban shilingi 67,000 kwa mpango wa sasa wa serikali. Huenda kampuni ina maelezo: imeleta mkufunzi kutoka nje, imelipia mtihani, imelipa mishahara ya wiki hizo sita. Ni maelezo yanayoweza kuandikwa kwenye karatasi moja yenye mistari mitano. Mwajiri asiyeweza kuuandika mchanganuo huo ameokota namba hewani, na namba iliyookotwa hewani kwa kawaida hulenga kutisha.

Lililo zito kuliko ukubwa wa deni ni kama linapungua. Chukua mikataba miwili yenye 240,000 ileile. Wa kwanza unasema kila mwezi unaofanya kazi unafuta 10,000. Wa pili unasema ukiondoka wakati wowote kabla ya mwezi wa 24, unalipa zote. Baada ya miezi minane, kampuni nyingine inakupa nyongeza ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na tuyaache makato ya kodi pembeni. Kwa mkataba wa kwanza unadaiwa 160,000, na katika miezi 16 iliyosalia nyongeza yako ni 160,000. Umetoka sare, na kuanzia hapo nyongeza ni yako yote. Unaweza hata kumwomba mwajiri mpya alimalize deni hilo yeye, kama wafanyavyo wengine wanaomtaka mtu kwa dhati. Kwa mkataba wa pili unadaiwa 240,000, na utafanya kazi miaka miwili mipya ndipo nyongeza iufidie mlango uliopitia. Halafu angalia mwezi wa 23. Wa kwanza anadaiwa 10,000. Wa pili, aliyetumika miezi 23 kwa uaminifu, anadaiwa sawasawa na aliyetoroka baada ya wiki moja. Hapo hakuna hesabu ya gharama. Hiyo ni faini, na watu wa sheria wana macho ya kuitambua.

Nao wana macho hayo tangu zamani. Sheria ya mikataba tuliyorithi kutoka Uingereza inatenganisha fidia iliyokadiriwa kwa haki na adhabu ya kumtisha mtu. Kesi inayotajwa zaidi ilihusu matairi ya Dunlop na iliamuliwa mwaka 1915 na majaji wa juu kabisa wa huko, na mahakama zetu bado huifuata misingi yake. Kiasi kinachozidi mno hasara halisi kinaweza kukataliwa. Kwa upande wa kazi, Sheria ya Ajira ya 2007 ina kifungu cha 19, kinachoorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyafanya kwenye mshahara, na kinachosema jumla ya makato isizidi theluthi mbili. Kwa hiyo kule kuambiwa kwamba mshahara wako wa mwisho wote umemezwa na bondi si jambo la kupokewa kwa kichwa kilichoinama. Kifungu cha 51 nacho kinamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoondoka, hata kama hamkuachana vizuri. Na ikiwa karatasi ya bondi inaletwa wiki ya tatu baada ya kuanza kazi, kifungu cha 10 kinadai mabadiliko ya masharti yafanywe kwa kushauriana nawe, si kwa kukutumia fomu na tarehe ya mwisho ya kuirudisha. Mwajiri anayeomba kukaa na vyeti vyako halisi vya shule kama rehani, huyo usibishane naye kuhusu bondi. Omba vyeti vyako na uondoke.

Kuna pengo moja katika mikataba hii ambalo ningependa kila msikilizaji alichungulie. Katika muda wa majaribio, ambao sheria inauruhusu ufike miezi sita, mwajiri anaweza kuachana nawe kwa notisi ya siku saba. Wewe lakini umefungwa miezi 24. Sasa akikuachisha mwezi wa tano kwa sababu biashara imeshuka, je, bado unadaiwa? Mikataba mingi imenyamaza, ama imeandika maneno mapana kama "ajira ikikoma kwa sababu yoyote". Maneno hayo mawili, sababu yoyote, yanambebesha mfanyakazi hatari ya biashara ambayo faida yake hagawiwi. Bondi ya haki inasema wazi kwamba deni linadaiwa pale tu mfanyakazi anapojiuzulu mwenyewe, au anapofutwa kwa kosa kubwa lililothibitishwa. Akipunguzwa kazini, ofisi ikifungwa, ama akishindwa kuvuka majaribio, deni limekufa. Na muda uhesabiwe kutoka siku ya kuanza mafunzo. Kuna wanaouanzisha baada ya mafunzo kwisha, kisha kila kozi fupi ya siku mbili inausukuma mbele, hata miaka miwili ikawa mitatu.

Sasa nawasikia waajiri. Wanasema: sisi tunatumia pesa na muda, kijana anaiva, mpinzani wetu wa barabara ya pili anamnyakua. Kampuni ndogo ya Riruta yenye mafundi wanane haina hazina ya kusomesha soko zima. Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana sisemi bondi zifutwe zote. Hata Mahakama ya Juu ya India, tarehe 14 Mei 2025, iliikubali bondi ya benki ya umma, Benki ya Vijaya, iliyomtaka ofisa akae miaka mitatu au alipe rupia laki mbili. Majaji waliona kiasi hicho hakikuzidi mno kwa mtu wa mshahara wa ofisa huyo, na kwamba benki ya umma hutumia gharama kubwa kuajiri upya kwa ushindani. Lakini mwajiri wa Kenya asijifanye amebeba mzigo huu peke yake. Analipa ushuru wa mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na aliyelipa anaweza kuiomba NITA imrudishie gharama za mafunzo iliyoyaidhinisha. Kama amerudishiwa, anamdai kijana nini tena? Hili ni swali halali kabisa kuulizwa mezani: je, mafunzo haya yameombewa marejesho? Sitarajii wengi walijibu kwa furaha.

Yapo pia mafunzo ambayo mwajiri hana hiari nayo. Askari wa kampuni ya ulinzi hawezi kusimama kwenye geti bila mafunzo, kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya 2016 imeiweka kazi hiyo chini ya masharti ya mafunzo na usajili. Muungano wa Ulaya umelitatua jambo la namna hii kwa mkato. Agizo lake la 2019, lililotakiwa kutekelezwa kufikia Agosti 2022, linasema mafunzo ambayo sheria inamlazimu mwajiri kuyatoa yawe bure kwa mfanyakazi na yahesabiwe kuwa saa za kazi. Marekani, kwa upande mwingine, inaonyesha mambo yanapofika yakiachwa bila mpaka: mwaka 2022 duka kubwa la bidhaa za wanyama, PetSmart, lilishtakiwa California likidaiwa kuwaandikia wanaosafisha na kunyoa mbwa deni la dola 5,000 kwa mafunzo ikiwa wangeondoka kabla ya miaka miwili. Kunyoa mbwa, msikilizaji. Tusiseme hayo ni ya ng'ambo. Kinyozi wa hapa Dagoretti Corner naye anaweza kuandikiwa bondi mwaka ujao, na hakuna kifungu cha Kenya kitakachoitaja kwa jina.

Hoja nzito kuliko ya waajiri inatoka kwa vijana wenyewe. Wanasema: unatuhubiria masharti na mchanganuo, na nje ya lango wamepanga foleni mia wanaoitaka nafasi hii, nikiuliza swali moja, anaitwa wa pili. Siwezi kuipuuza hoja hiyo. Ni kweli bondi humwuma zaidi yule mwenye milango michache. Lakini kuna tofauti ya kukataa kazi na kuomba sentensi moja iongezwe. Mtu aliyekwisha kuchaguliwa kati ya mia ana nguvu kidogo, kwa siku chache, kati ya barua na sahihi. Hatakuwa nayo tena hadi siku ya kuondoka. Atumie nguvu hiyo kuomba jambo moja tu, deni lipungue kila mwezi. Ni jambo rahisi kwa waajiri kulikubali, kwa kuwa haliwagharimu chochote ikiwa kweli nia yao ni kurudishiwa gharama. Akikataliwa hata hilo, bado anaweza kuichukua kazi, kwani njaa haijadiliani. Ila aichukue akijua kwamba mshahara wake halisi ni ule ulioandikwa, ukitoa thamani ya milango aliyoifunga kwa miaka miwili. Kati ya kazi ya 30,000 yenye bondi isiyopungua na ya 27,000 isiyo na bondi, mimi naona ya pili ndiyo kubwa, isipokuwa ile ya kwanza inampa leseni au cheti cha kubeba.

Wengine wana jibu jepesi: tia tu sahihi, hakuna atakayekushtaki. Wanakumbuka kuwa hakuna mahakama Kenya itakayomrudisha mtu kazini kwa nguvu, na hapo wako sahihi. Hilo halikuwa hivyo daima. Chini ya sheria za kikoloni za mabwana na watumishi, kuanzia 1906, Mwafrika aliyemwacha mwajiri kabla ya muda wa mkataba alikuwa ametenda jinai, na kipande, yaani hati ya usajili iliyoanza kuvalishwa shingoni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilikuwa njia ya kumfuatilia. Juni 1921, hapa hapa Dagoretti, machifu wa chama cha Kikuyu Association walikutana na wakuu wa serikali na wamisionari kuwasilisha malalamiko, kipande kikiwemo. Mwanaharakati Harry Thuku alikuwepo, na haikupita muda akaenda njia yake yenye ukali zaidi. Leo Kifungu cha 30 cha Katiba ya 2010 kinakataza kazi ya kulazimishwa, na bondi haiwezi kuufunga mwili. Inafunga mfuko. Na mfuko unafungika: kiasi kikiwa cha wastani, mafunzo yakiwa ya kweli, na deni likiwa linapungua, jaji wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hana sababu ya kumwokoa mtu mzima na sahihi yake. Anayetia sahihi kwa kutegemea uzembe wa wakili wa kampuni ameweka dau juu ya jambo asilolidhibiti.

Nimalizie na mstari wa chini kabisa wa fomu, ambao hausomwi. Baadhi ya bondi, hasa za masomo marefu, huwa na nafasi ya wadhamini. Kijana huipeleka nyumbani Mutuini au Kabiria Jumapili jioni, baba au shangazi akatia sahihi na kuandika namba ya kitambulisho, akiamini anathibitisha tu kwamba mtoto ana tabia njema. Mdhamini si shahidi. Kijana akishindwa kulipa, kampuni ina haki ya kumwandama aliyedhamini, na mzazi mwenye ploti ni rahisi kumpata kuliko kijana aliyehamia Doha. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri amweleze mkataba mfanyakazi asiyejua kusoma, kwa lugha anayoielewa; mdhamini hakutajwa hapo. Kwa hiyo kazi hiyo ya kueleza inamwangukia anayeileta fomu. Asome kifungu cha wadhamini kwa sauti, kwa Kikuyu au Kiluhya au lugha yoyote ya nyumba ile, ataje kiasi kwa shilingi, na fomu ikae mezani hadi kesho yake kabla ya mtu kushika kalamu.